Suni Yako na Chaki ya Baba

Chumba cha nyuma,
Dukani kwa Baba.
Jumapili, 8 Juni

Mpendwa mdogo wangu Bobini,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini u mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Je, ghalani wamekutoa kwenye zamu ya usiku kama ulivyoomba? Na unakula? Shemeji yako aliitazama picha yako ya mwisho akasema shingo imekuwa nyembamba. Nilimwambia shingo haina kosa, ni kola ya hilo shati, imekatwa vibaya. Lakini baadaye niliitazama tena peke yangu. Kula, mdogo wangu.

Sisi huku hatujambo, kwa maana salamu haina jibu jingine. Mpwa wako amemaliza mitihani na anangoja majibu. Kazi yake sasa ni kulala na kula mkate. Shemeji yako bado yuko kwenye kiwanda cha magodoro, mgongo unamuuma lakini anakwenda. Mimi ni mzima. Nimechoka tu. Nikilala naamka na uchovu uleule nilioulaza, kama nguo uliyoivua jioni ukaikuta asubuhi kwenye msumari, inakusubiri uivae.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu iko mfukoni mwako. Nampa barua hii binti wa jirani yetu mwenye duka la viatu, yule nesi anayefanya kazi mji wa pili kutoka kwako. Alikuja likizo, anarudi kesho, na ameahidi kukukabidhi mkononi. Simu nimeijaribu. Nikikuandikia mistari kumi unanirudishia mstari mmoja wa Kiingereza, na neno la mwisho huwa lilelile. Nikipiga, uko kazini, utapiga baadaye. Sikugombezi, kazi za zamu nazijua. Ila barua huwezi kuijibu kwa kidole gumba umesimama kwenye foleni. Itabidi ukae chini.

Ijumaa uliandika: "Tell Baba I'm coming soon." Hayo tu, na kijipicha cha moyo.

Sasa nikueleze kazi ninayopata kila unapoandika hivyo, maana nadhani huijui. Baba akisikia simu yangu imelia huinua kichwa na kuuliza, "Bobini anasemaje?" Wewe unajua kwamba Kiingereza chake kiliishia kwenye saizi za mashati. Kwa hiyo mimi ndiye mkalimani. Na hilo neno lako la mwisho, mdogo wangu, ni dogo kuliko sindano, lakini limenitesa kuliko suti ya vipande vitatu.

Mara ya kwanza uliliandika mwaka juzi, wiki ile baada ya kumzika Mama. Niliangalia kwenye shajara yangu nisije nikakusingizia. Hukuweza kufika, karatasi zako zilikuwa hazijatoka, na sisi sote tulielewa. Ukaandika kwamba utakuja, na ukaweka neno hilo. Nikamwambia Baba, "Anasema atakuja karibuni." Uso wake ulifunguka. Kesho yake alishusha kile kitambaa cha bluu nzito alichokificha juu ya kabati tangu zamani, akakitandaza mezani, akakukatia koti. Alitumia vipimo vya siku ulipoondoka, akakuongezea kidogo mabegani. "Huko wanakula nyama," alisema.

Mara ya pili nilimwambia "hivi karibuni". Alinitazama juu ya miwani. "Hivi karibuni alikuja, au hivi karibuni atakuja?"

"Atakuja, Baba."

"Aa. Maana neno hilo linaangalia mbele na nyuma, kama mtu anayevuka barabara."

Mara ya tatu nikasema "muda si mrefu". Ya nne nikasema "punde", akacheka, akasema punde ni neno la hadithi za watoto, punde si punde akatokea zimwi. Ya tano sikumbuki nilisema nini, ila nakumbuka alichonijibu. Alikuwa anaviringisha uzi kwenye kidole. Akasema, "Mwanangu, wewe unageuza kola."

Unajua maana yake. Shati likichakaa kola, fundi anaifumua, anaigeuza, upande wa ndani unatoka nje, na mwenye shati anaonekana ana shati jipya. Mara moja tu lakini. Kola haina upande wa tatu.

Nikachukua ile kamusi yangu ya shule, yenye jalada lililopigwa plasta, nikatafuta kama kuna maana niliyoiruka. Inasema karibuni. Inasema upesi. Inasema mapema. Ukiliwekea vijineno mbele na nyuma linakuwa "mara tu", yaani jambo hili likiisha lile linafuata. Ukiliongezea kidogo tena linakuwa heri hili kuliko lile. Halafu kuna ule msemo wao, "sooner or later", ambao kwa kifupi ni kwamba iwe leo au iwe baadaye, ipo siku. Hapo niliifunga kamusi nikaenda kupiga pasi. Kitu ambacho sikukiona popote ni kipimo. Kitambaa tunakipima, mguu tunaupima, hata homa tunaipima. Neno hilo Waingereza wameliacha wazi pande zote kama shuka, kila mtu ajifunike anavyopenda. Na sisi pia, nisijifanye, na "karibuni" yetu hatuko mbali nao.

Baba ameshalipa neno hilo jina la hapa nyumbani. Analiita "suni". Asubuhi ananiuliza, "Suni yake imefika wapi?" Shemeji yako naye amedakia: ukimuuliza kama ameleta sukari anasema, "Ipo suni." Mpwa wako ukimwambia aoshe vyombo, utamsikia kutoka chumbani, "Suni, mama!" Tunacheka. Usidhani tunakaa hapa tunalia mchana kutwa. Tunacheka sana tu, halafu mtu mmoja anakohoa na kila mtu anarudi kwenye kazi yake.

Siku moja mwezi uliopita nilikuwa cherehanini na Baba yuko kwenye kiti chake karibu na mlango, mguu juu ya kigoda. Akaingia jirani yetu wa viatu, mama yake huyohuyo nesi. Gauni lake lilikuwa limepita siku, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshinda hospitali na Baba siku nyingi mfululizo. Akasimama mikono kiunoni.

"Fundi, gauni langu?"

Mdomo ukasema wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu utotoni: "Tayari, dada. Bado vifungo tu."

"Vifungo?" akasema. "Gauni langu lina zipu."

Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Jirani naye akacheka, akaketi kwenye benchi, akasema basi atangoja hapohapo aone hivyo vifungo vikishonwa. "Mzee, umezaa fundi kweli," alimwambia Baba. "Uongo wenu ni wa ukoo."

"Ni wa kazi, si wa ukoo," Baba akajibu. "Daktari ana sindano, sisi tuna kesho."

Jirani alipoondoka, Baba alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko. Akatazama ukutani lilipo koti lako, akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza saa:

"Bobini naye ameshakata kitambaa?"

Nikajifanya sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama alivyokuwa akitufundisha kutunga uzi. Fundi akikwambia kesho na kitambaa chako kimeshakatwa, hiyo kesho ina miguu, itafika hata kama inachechemea. Lakini akikwambia kesho na kitambaa chako bado kimekunjwa kwenye mfuko wake, huyo anakutoa mlangoni tu, na wewe kesho utakuja upewe kesho nyingine. "Mimi maneno haya nimeyauza maisha yangu yote," alisema. "Sasa nimekuwa mteja. Nayajua yakija."

Hilo ndilo swali ninalokuletea katika barua hii, na ningeweza kuliandika peke yake nikaokoa wino. Lakini kuna mambo ya mguu lazima uyajue kwanza.

Nilikuandikia mwezi wa tatu kwamba Baba ana kidonda kidoleni. Ukaniambia nimpeleke hospitali, na nilikuwa nimeshampeleka. Sukari yake haishuki. Kidole kidogo cha mguu wa kushoto kimekuwa cheusi, na kidole cha jirani yake kimeanza kukifuata. Kila asubuhi kabla ya kufungua duka naosha, napaka dawa, nafunga. Mwanzoni nilikuwa nikigeuza uso. Sasa naosha huku nawaza zipu na bitana, na hilo linanitisha kuliko harufu.

Jumatano tulikuwa kwa daktari. Ni mwanamke, kijana, alisoma shule ile ya pale juu, tukamshonea sare. Aliufungua mguu, akaunusa, akaufunga. Akasema vidole viwili vikatwe, na vikatwe mapema.

Baba akamuuliza, "Mapema ya daktari au mapema ya fundi?"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini daktari alivua glavu akamtazama vizuri. "Mzee, wewe si ndiye uliyeniambia kesho kwa sketi yangu ya kidato cha kwanza? Nilivaa ya dada yangu wiki nzima nimeishika kwa pini. Nakukumbuka sana."

"Sketi yako haikuwa na chaki," Baba akasema.

Daktari hakuelewa, wewe utaelewa. Wateja wote Baba aliwaambia kesho, isipokuwa wa aina mbili: wafiwa na maharusi. Hao hakuwapa neno. Alichukua chaki yake, akaandika tarehe juu ya kitambaa chenyewe, mbele yao, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuja siku hiyo akakuta nguo haiko tayari. Unakumbuka ulivyochapwa kwa kufuta tarehe ya watu kwa kiwiko? Sisi tulijua tangu wadogo: neno ni la kumtuliza mtu, chaki ni ya kumfungia kazi. Kitambaa chenye chaki hakiguswi.

Daktari akavuta kiti akakaa. Akamwambia kwa upole lakini bila kupaka mafuta: sasa ni vidole viwili, na atatembea. Akichelewa, uozo utapanda, na itabidi mguu ukatwe chini ya goti. Dawa alizompa zinaweza kuuzuia kwa siku chache, hazitaufukuza.

Sasa sikiliza alichosema Baba, kwa sababu ndicho kinachonifanya niandike. Alisema: "Nilimsindikiza mwanangu uwanja wa ndege kwa miguu yangu miwili, kamili. Nitampokea na miwili, kamili. Akishafika, kateni mnachotaka."

Daktari akaniuliza mimi, "Anafika lini?"

Bobini, nilisimama pale na mkoba wangu. Kila neno tulilonalo lilinipita kichwani, yote yale niliyokwisha kugeuza na yaliyobaki. Nikasema, "Ameahidi." Daktari alinitazama kidogo, akaandika kitu, akatuambia turudi na jibu.

Shemeji yako alijaribu. Alimwambia subira huvuta heri, lakini kidole hakijui methali. Shangazi naye alikuja akalia, akamkumbusha habari za Mama, akaondoka bado analia. Baba anawasikiliza wote kwa adabu, kisha anarudi palepale. Suni, anasema. Kijana amesema suni.

Halafu ikafika Ijumaa na ujumbe wako. Ilikuwa alasiri, duka halina mtu, nje kulikuwa na mvua nyepesi. Simu ikalia. Nikausoma. Akainua kichwa.

"Bobini anasemaje?"

Sikuwa na hasira, naomba uamini hivyo. Nilikuwa nimechoka tu, nimechoka hata kutafuta neno. Nikamwendea, nikachutama mbele ya kigoda, nikamwonyesha kioo cha simu ingawa hawezi kukisoma. Nikamwambia, "Baba, ameandika neno lilelile. Nimekuwa nikikuletea kila mara na shati jipya, lakini ni lilelile. Maana yake ni kwamba anataka kuja. Siku haimo ndani yake. Nimeitafuta, haimo."

Mvua ilisikika kwenye bati. Kisha akanipapasa kichwani kama nilipokuwa mdogo, akasema, "Pole, mwanangu. Kazi ya kumsemea mtu ni ngumu."

Nililia kidogo. Yeye hakulia. Akasema nimletee koti.

Nalo nikueleze, maana hujaliona. Limekamilika mwili na mikono, lakini limeshikwa kwa bandi tu, zile nyuzi nyeupe ndefu za kushikiza kabla ya mshono wa kweli, na halina vifungo. Mara nyingi nimemwomba nilimalizie. Hataki. Koti halimaliziwi bila mwenyewe kusimama ndani yake, ndivyo alivyotufundisha. Kwa hiyo linaning'inia ukutani na nyuzi zake nyeupe kama mtu aliyetoka hospitali, na mimi kila Jumamosi nalipangusa vumbi mabegani kwa kitambaa kikavu. Wateja wapya hudhani ni la kuuza.

Nikamlazia koti mapajani. Akaomba chaki. Mkono wake unatetemeka siku hizi, lakini ukishika chaki unatulia, sijui kwa nini. Akachora alama za vifungo, moja, mbili, tatu, kama kawaida. Kando ya alama ya juu, upande wa moyo, akaandika 17/6. Kisha akanirudishia chaki.

"Hiyo ni Jumanne, si hii ijayo, ile inayofuata," nikamwambia.

"Najua. Mwambie daktari siku hiyo nitakuja. Akiwepo Bobini, asiwepo. Na mwambie Bobini suni yake nimeipokea, namshukuru. Hii ndiyo yangu."

Jana asubuhi nilimpigia daktari. Amekubali. Alisema ni siku ya mwisho anayoweza kuikubali, na nikimletea tarehe kumi na nane hataniambia tena habari za vidole. Tumepangiwa kufika saa moja asubuhi, bila kunywa chai. Shemeji yako ameomba ruhusa kiwandani.

Unaweza kudhani hapo mambo yamekwisha, Baba amekubali, dada anaweza kupumua. Nilidhani hivyo pia. Lakini tangu Ijumaa amekaa kiti kingine, kile kinachotazama barabara. Hasemi suni tena. Gari likisimama nje anashika fimbo yake. Jana jioni alinitaka nimnyoe ndevu, akaniuliza kama viatu vyake vyeusi bado vina kamba zote mbili. Ameiweka siku ile kwa ajili ya mguu, ndiyo, lakini pia ameiweka kwa ajili yako, na kati ya leo na hiyo Jumanne anakungoja kwa miguu yake miwili.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja, na ni kidogo. Usiniandikie neno. Kama umeshakata kitambaa, yaani umeomba ruhusa na una tikiti, niandikie siku na saa ya ndege, tutakuja kukupokea, na Baba atasimama. Hata ukishinda hapa siku mbili ukarudi, utakuwa umemsimamisha.

Na kama hujakata, mdogo wangu, niambie hujakata. Sitakuuliza sababu. Kama ni karatasi bado, sema karatasi. Kama ni mkuu wa ghala haruhusu, sema hivyo. Na kama ni aibu, kwamba miaka yote hii na ungeshuka na begi moja jepesi, basi jua hapa hakuna atakayekupekua begi. Mpwa wako hataki simu, anataka kuona kama kweli unakoroma kama tunavyomwambia. Andika "siji", herufi nne. Nitamsomea Baba kama ilivyo. Kola nimeacha kugeuza. Ataumia siku moja, halafu atarudi kwenye kiti chake cha zamani na kuangalia ndani, nami nitaweza kumwosha mguu bila yeye kuruka kila gari linapopita. Hiyo nayo itakuwa zawadi. Sikwambii hivi kwa kejeli.

Ukishindwa kuniandikia mimi, mpigie yeye. Simu yake ile ndogo inashika vizuri akiwa karibu na dirisha. Mwambie mwenyewe, kwa lugha yake. Mimi kwa kweli nimechoka kuwa katikati yenu.

Shemeji yako anakusalimu sana. Mpwa wako anakusalimu, anasema ukija uje na jibu kama wali wa huko ni mbichi kama anavyosikia. Shangazi anakubusu na anakuombea, na ameniagiza nikwambie kwamba hajakasirika, amezeeka tu. Jirani wa viatu anakusalimu. Gauni lake alilipata, na zipu yake inafanya kazi. Baba hakutuma salamu. Nilipomuuliza alisema salamu zake ziko kwenye koti.

Nami nimeacha kulipangusa. Jana ilikuwa Jumamosi, siku ya vumbi, nilifika na kitambaa changu mpaka mbele ya ukuta, nikarudi nacho. Naogopa nitafuta chaki.

Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi, na akufungulie mlango ulio karibu zaidi.

Wako akupendaye daima,

Dada yako